Pimamaji ya Bei Mbaya na Bafu la Mama Mkwe

Mimi ni fundi wa vigae. Nimewatandikia watu sakafu unazoweza kujitazamia uso, na jioni narudi kwangu kukanyaga saruji iliyopasuka, ambayo mke wangu amechoka kuniuliza nitaifunika lini. Nina magoti yaliyoota sugu kama ya ngamia, mgongo unaotabiri mvua, na mdomo. Katika kazi yetu mdomo nao ni kifaa, na kwa upande wangu ndicho kifaa pekee ambacho hakijawahi kuharibika.

Wenzangu wananiita Orijino. Jina hilo nilijipa mwenyewe bila kujua, kwa kulitamka kutwa nzima. Mtu akitoa nyundo ya mpira kwenye mfuko wake, mimi naipokea, naigeuza, nasoma maandishi, naiminyaminya, kisha namrudishia kwa huruma kama daktari anayekurudishia picha ya mapafu. Namwambia hii si orijino. Mara zote hizo sijaulizwa.

Sikuzaliwa na ugonjwa huu. Nilipoanza kazi nilinunua vya bei rahisi tu, kwa mchuuzi mmoja aliyetandaza turubai karibu na kituo cha mabasi. Bidhaa zake zilikuwa na majina ya kampuni kubwa kubwa, isipokuwa kila jina lilikuwa na herufi moja iliyokwenda likizo. Nilinunua kwake mashine ya kukatia vigae iliyotoa moshi mwingi kuliko vumbi. Nilinunua mwiko ambao mpini wake ulibaki mkononi na bapa lake likabaki kwenye saruji. Hayo yote niliyavumilia. Kilichonimaliza ni futi.

Ilikuwa futi ya chuma inayojikunja, ya manjano, ya kupendeza kabisa. Kasoro yake ilikuwa moja: ilikuwa na sitini na tatu mbili. Baada ya sitini na tatu ya kwanza ilikuja sitini na tatu nyingine, halafu sitini na nne, kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa futi hiyo nilipima mahali pa kuweka jiwe la kaunta jikoni kwa mwalimu mmoja, nikapeleka vipimo kwa mkata mawe, naye akakata kwa futi yake isiyo na mapacha. Jiwe lilipofika, likaacha mwanya ukutani ambao kijiko kilipita chote na mpini wake. Mwalimu alisimama akiutazama mwanya ule kama anayesahihisha mtihani. Nilijua alama niliyopata.

Tangu siku hiyo nikaapa kutogusa tena kitu cha kuiga. Nikaanza kununua vya kampuni zenyewe, kimoja kimoja, kwa kujinyima. Mke wangu, ambaye ni mshonaji na ana mkasi mmoja tu tangu nimfahamu, alinitazama nikileta nyumbani kifaa baada ya kifaa, kila kimoja na sanduku lake. Alisema futi moja ilinidanganya, na badala ya kuacha kuamini vitu ovyo, nimehamia kuamini ovyo vitu vya bei ghali. Nilimwambia haelewi mambo ya ufundi. Alikuwa anashona gauni la harusi wakati huo, la watu wengine, bila kosa hata moja, lakini mimi nilikuwa na hakika kwamba haelewi.

Ndipo nikanunua pimamaji. Kwa asiyejua, pimamaji ni kama rula nene yenye kichupa cha maji katikati, na ndani ya maji kuna kiputo. Ukiilaza sakafuni, kiputo kikikaa katikati ya mistari miwili, sakafu iko sawa. Kikikimbilia upande mmoja, upande huo ndio umeinuka. Hii yangu niliitoa kwenye duka kubwa la vifaa, ambako ilikaa ndani ya kabati la kioo pamoja na vitu vingine ambavyo watu huja kuvitazama tu. Mwenye duka, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni, alilifungua kabati kwa ufunguo. Ufunguo ule ndio ulionimaliza. Kitu kinachofungiwa kwa ufunguo hakiwezi kuwa cha ovyo, hivyo ndivyo nilivyowaza, na nikasahau kwamba hata kichaa hufungiwa.

Asubuhi iliyofuata nilifika nayo kazini ikiwa ndani ya mfuko wake wenye zipu. Nilingoja wakati wa chai ili hadhira itimie. Nikawaonyesha uzito wake. Nikawaonyesha jina lilivyochongwa, si la kubandika. Nikawaonyesha kwamba kichupa chake hakikushikwa na gundi kama vya kwao, bali na skrubu ndogo za shaba, na ili waamini nikachukua ncha ya kisu nikazifungua zote, wakaziona, nikazifunga tena. Walivutiwa. Angalau mmoja alivutiwa. Wengine walikuwa wanakunywa chai.

Shemeji yangu hakuinua hata macho. Huyu ni mdogo wa mke wangu, fundi bomba, na kazi nyingi tunafanya pamoja, yeye akipitisha mabomba na mimi nikifunika. Ni mtu mtaratibu, asiyeshindana. Msimamo wake ni kwamba kifaa ni kitu cha kuibiwa, kwa hiyo nunua ambacho hakitakuuma kikiondoka. Pimamaji yake ilikuwa ya plastiki ya kijani, ya kule kule kwa mchuuzi wa turubai, na nilishamwona kwa macho yangu akiitumia kukorogea rangi.

Mambo yangebaki ya maneno tu, kama mama mkwe asingepata bafu.

Mama mkwe wangu ni mkunga mstaafu. Nusu ya watu wa mtaa wao walipokewa na mikono yake, kwa hiyo ni vigumu sana mtu kujifanya mkubwa mbele yake. Kwa miaka yote alioga kwenye kibanda cha bati kilichokuwa pembeni ya uwanja. Magoti yalipoanza kumsumbua, safari ile ya kuvuka uwanja ikawa kazi, na siku za mvua alivuka na mwavuli mkono huu, ndoo mkono ule. Watoto wake wakachanga, kikajengwa chumba kidogo cha kuogea ndani ya nyumba, mwisho wa korido. Mabomba akapewa shemeji, sakafu nikapewa mimi. Mama alituita wote wawili, akaniambia mimi maana ndiye mgeni.

"Mkwe wangu," alisema, "nataka kukaa kwenye kigoda changu nioge, maji yaende zake, mimi nibaki nilipo. Sina lingine."

Nikamwambia mama, ondoa shaka, kazi hii naifanya kwa kifaa ambacho katika mji huu labda kiko kimoja. Alisema ameshukuru. Hakuonekana kushtuka.

Bafu lenyewe ni jambo dogo kwa fundi yeyote mwenye akili timamu. Sakafu inatakiwa ianzie juu kidogo mlangoni, ishuke taratibu hadi kwenye tundu la kutolea maji, ambalo shemeji alikuwa ameliweka kwenye kona ya mbali. Nilitandika kwa mbwembwe. Kila kigae nilikiwekea pimamaji juu, na kila mara niliishika kwa namna moja, jina la kampuni likitazama mlangoni, ili mtu akipita kwenye korido alisome. Shemeji alikuwa amechuchumaa kwenye kona akimalizia bomba. Akachukua kile kijiti chake cha kijani, akakilaza pale pale nilipopima, akakitazama kwa muda.

"Shemeji, hii yangu inasema maji yatakuja mlangoni."

"Hiyo yako inakoroga rangi."

"Ni kweli," alisema. "Basi tuzigeuze zote mbili tuone."

Hapa lazima nieleze. Kuna njia ya kuipima pimamaji yenyewe, anayoijua kila fundi hata aliyeanza jana. Unailaza, unatazama kiputo kiko wapi. Unaigeuza pale pale, mwisho uliokuwa kulia uende kushoto, unatazama tena. Kiputo kikikaa upande ule ule wa chumba, pimamaji yako ni nzima. Kikihama, inakudanganya. Ni kazi ya kufumba na kufumbua. Nami nilimjibu shemeji, maneno haya nayakumbuka kwa sababu mke wangu hunikumbusha, kwamba askofu haombwi kitambulisho. Shemeji akainua mabega, akarudi kwenye bomba lake. Hata ndoo ya maji aliyotaka tumwage kabla saruji haijakaza niliikataa. Nilisema kumwaga maji ni njia ya watu wasio na vifaa.

Sakafu ilipokauka, mama akawaalika watu waje waone. Alikuja wifi yake, yaani shangazi wa mke wangu, mwanamke wa maneno mengi, na majirani wawili watatu. Tuliketi sebuleni. Mimi nilikuwa nimevaa shati la kutokea, na pimamaji nilikuja nayo, iko kwenye mfuko wake mapajani kwangu kama mtoto mchanga. Mama akachukua taulo, akatuambia anakwenda kulizindua bafu lake, akafunga mlango. Tukasikia maji. Mimi nikaanza kumweleza shangazi tofauti kati ya aluminiamu ya kweli na ile ya kudanganyia watu.

Mke wangu ndiye aliyeona kwanza. Alinigusa bega. Maji yalikuwa yametoka chini ya mlango wa bafu, yakawa yanakuja kwenye korido kwa utulivu, na mbele yao kandambili moja ya mama ikielea. Yalifika sebuleni yakaanza kujitandaza. Shangazi aliinua miguu yote miwili akaiweka juu ya kiti bila kukatisha hadithi aliyokuwa ameianza ya jirani yake mwingine. Majirani wakainua ya kwao. Mimi ndiye niliyebaki na miguu chini, maji yakinilowesha soksi.

Kutoka bafuni ikasikika sauti ya mama, ya upole ule ule.

"Mkwe wangu, huku kwenye tundu nilipokaa ni pakavu kabisa. Ninyi huko mkoje?"

Tulipomaliza kudeki, shemeji aliilaza pimamaji yake ya kijani juu ya meza ya chakula. Akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Kiputo kilikaa pale pale. Akanyoosha mkono bila kuniangalia, nikampa ya kwangu. Akaitazama, akaigeuza. Kiputo kikahama kutoka upande wa dirisha hadi upande wa kabati. Meza ile ile. Watu wote walikuwa wameizunguka, na shangazi akauliza kama mchezo huu unachezwa na watu wangapi.

Mtajua mimi ni mtu wa namna gani nikiwaambia kwamba sikuona aibu. Niliona faraja. Ilinijia mara moja kwamba nimeuziwa feki. Si mimi, ni yule mama wa miwani! Nilitoka mbio na soksi zangu mbichi, nikapanda pikipiki ya kukodi, na njia nzima nikawa napanga hotuba. Ilikuwa hotuba nzuri. Ilianza na uaminifu katika biashara, ikapitia mama mjane mwenye magoti mabovu, ikaishia polisi. Dereva wa pikipiki, aliyekuwa anasikia yote maana nilikuwa naisema kwa sauti, alinishauri sehemu ya polisi niiweke mwanzoni.

Dukani kulikuwa na wateja, jambo lililonifurahisha. Nikaiweka pimamaji juu ya kaunta nikaanza. Mwenye duka alivaa miwani yake akanisikiliza hadi nilipofika kwa mama mjane, huku akiigeuza geuza ile pimamaji mkononi. Akatazama jina, akatazama namba iliyochongwa chini yake, akaenda kuilinganisha na nyingine ya ndani ya kabati. Kisha akaisogeza karibu na taa akatazama skrubu.

"Baba, hii ni ya kampuni yenyewe," alisema. "Ila nani aliifungua kwa kisu?"

Hotuba yangu ilikuwa bado haijafika katikati. Nilifungua mdomo, kile kifaa changu kisichoharibika, na kwa mara ya kwanza kikagoma. Akanionyesha mikwaruzo kwenye shaba. Akanieleza bila ukali kwamba skrubu zile ndizo zinazokiweka kichupa sawa, kwamba kiwandani huzikaza kwa kuipima, na ukizilegeza hata nusu mzunguko kichupa kinalala upande. Akaongeza kwamba zile za bei rahisi huwekewa gundi, kwa hiyo hata mwenyewe ukitaka kuziharibu huwezi. Wateja walisikiliza kwa makini. Mmoja aliiweka chini pimamaji ya bei rahisi aliyokuwa ameishika, akaitazama, akaichukua tena.

Mwenye duka akatoa bisibisi ndogo, akazikaza skrubu akiigeuza pimamaji na kuipima juu ya kioo cha kaunta, hadi kiputo kikatulia. Hakunidai chochote, na afadhali angenidai. Nilitoka nikitembea kwa miguu. Sikutaka kukutana na dereva yule akaniuliza ilikuwaje.

Nilipofika nyumbani, mke wangu aliuliza, "Wamekubadilishia?"

"Wamenikazia skrubu," nilimwambia.

Ilimchukua muda kidogo kuelewa. Alipoelewa alicheka hadi akakaa chini, kwenye ile saruji yetu iliyopasuka, akajifuta machozi kwa kitambaa cha mteja.

Tulianza kubomoa. Vigae vizuri havibanduki kwa hiari, na hivi nilikuwa nimevibandika vizuri sana; kitu pekee nilichokikosea kilikuwa upande wa dunia. Wakati huo mama alirudi kuogea kwenye kibanda cha nje. Asubuhi moja mvua ilinyesha, nikiwa nimepiga magoti bafuni na tindo mkononi, na kupitia dirishani nikamwona anavuka uwanja, mwavuli mkono huu, ndoo mkono ule, akichagua mahali pa kukanyaga kama mtu anayepita kwenye mayai. Hakutazama upande wangu. Nadhani alifanya hivyo kwa heshima. Hapo kichekesho kilikatika. Nilikaa kitako kwenye kifusi, nikaona kwamba kwa siku zote zile nilikuwa nalijenga bafu kwa ajili ya jina la kampuni, na huyu mtu mwenye magoti yanayouma hata hakuwa kwenye hesabu zangu. Shemeji aliniona nimekaa, akaniletea maji ya kunywa, akachukua tindo akaendelea yeye.

Vigae vingi vilivunjika katika kubanduliwa. Nilikwenda kutafuta vingine vya aina ile, vya rangi ya maziwa, vilivyoandikwa nyuma jina la kiwanda ambalo nilikuwa nimemsomea mama herufi kwa herufi. Vilikuwa vimekwisha madukani kote. Muuzaji mmoja aliniambia anavyo vinavyofanana navyo, vya kuiga, rangi yake imekaribia kijivu kidogo tu. Nilikishika kimoja, nikakigonga, nikakigeuza. Shemeji alisimama kando yangu akitazama barabarani kama mtu anayesubiri gari. Nikamwambia muuzaji anifungie. Mimi, Orijino. Shemeji alibeba boksi, nami nilimwona anavyobana midomo.

Safari hii tulitandika na pimamaji zote mbili, ya kabati na ya turubai, na kila mstari tulizigeuza kama wauguzi wanavyomgeuza mgonjwa kitandani. Vile vya kijivu havikutosha kuenea, vilitosha kona moja tu, ile ya tundu, mahali pa kigoda. Nilimwomba mama radhi kwa kona ile. Alisema tumalize kwanza.

Tulipomaliza, mama mwenyewe alikuja na kikombe cha maji. Hakutaka ndoo. Alisimama mlangoni akamwaga kidogo, tukainama wote watatu kutazama. Maji yalisita kidogo, kama yanauliza njia, kisha yakaanza kwenda, yakashika kasi, yakaingia kwenye tundu yote. Alimwaga tena, na tena, hadi kikombe kikaisha.

"Haya," alisema. "Kazi umeifanya mara mbili, lakini mimi nitakushukuru mara moja."

Akanishukuru, kwa mikono miwili. Kisha akatutoa nje akafunga mlango, akaoga muda mrefu sana, nasi tukakaa sebuleni tukisikiliza maji yakienda yanakotakiwa kwenda. Miguu yangu ilikuwa chini, mikavu.

Kuhusu ile kona ya kijivu, mama aliipenda kuliko sakafu nyingine yote, maana alisema inamwonyesha pa kuweka kigoda hata akiwa hana miwani. Majirani walioiona aliwaambia ndivyo watu wanavyofanya siku hizi. Jirani mmoja akanifuata, anataka bafu lenye kona ya kijivu. Baada yake akaja mwingine. Huyu wa pili nilipomaliza kazi yake alizunguka akitazama, akanilalamikia kwamba kona yangu haikuwa sawasawa na ile ya mama mkwe, anaona nimemwekea kitu cha kuiga. Nilikuwa na mengi ya kumweleza. Nikamwambia tu aende kwa mama akalinganishe. Alikwenda, akakaribishwa chai, wakaongea habari za nani alizaliwa saa ngapi na kwa shida gani, akarudi jioni akanilipa, na habari ya kona hakuigusa tena.